Jalada la Kuliepusha Daftari na Mbabula

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemficha mke wangu jambo moja. Daktari aliniambia wakati wa Pasaka kwamba sitaziona mvua za mwaka huu. Ini. Niliporudi nyumbani, Clotilde aliniuliza daktari kasema nini. Nikamjibu: uzee tu, na nipunguze chumvi. Tangu siku hiyo napikiwa bila chumvi. Adhabu imeanza kabla ya kaburi!

Kumwambia kwa mdomo siwezi. Nimefundisha Kilatini, nimehutubu mbele ya maaskofu, lakini mbele ya mama yule ulimi unakauka. Basi nitaandika humu. Akishanizika, atalikuta daftari.

Tatizo ni mbabula, jiko letu la makaa. Clotilde huwashia makaa karatasi yoyote isiyo na sura. Tasnifu yangu ya chuo kikuu ilipika maharagwe. Daftari hili, na jalada lake la kijivu, halitamaliza hata matanga.

Lakini jana tulikuwa kwa jirani Anaclet, mstaafu wa reli, mtu wa majivuno. Ana albamu ya picha yenye jalada la shaba iliyofuliwa. Clotilde aliipangusa vumbi kwa ncha ya kitenge chake, akairudisha mezani taratibu, kama mtoto aliyelala. Ndiyo hiyo! Kitu chenye jalada zuri hakichomwi. Anaclet alilinunua lake. Mimi nitalitengeneza kwa mikono yangu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeshindwa. Nilikata boksi la viatu, nikalivika shati langu la harusi ya Edith, binti yetu. Gundi: bukari, yaani ugali, ya jana, iliyolegezwa kwa maji ya moto. Nikaliweka chini ya godoro ili uzito wangu ulinyooshe. Uzito wangu siku hizi haunyooshi hata bahasha.

Asubuhi nikakuta panya wamekula bukari na pembe mbili za boksi. Shati wameliacha. Hata panya!

Anaclet alichungulia juu ya ukuta. Akauliza kama Maître, yaani mimi mwalimu, anatengeneza mtego wa panya. Kama ndivyo, alisema, hongera, maana umewaita wote wa mtaa. Nilitaka kumtukana. Kikohozi kilinizuia.

Ijumaa, 8 Agosti

Kitambaa cha heshima kinahitajika. Clotilde alipokwenda sokoni, nilifungua sanduku lake la chuma. Chini ya nguo za Misa: kitenge kipya, zambarau iliyokolea, maua meusi makubwa kama sahani. Kirefu ajabu, kimekunjwa na kukunjwa tena. Nani atakosa kijipande?

Nilikata katikati, penye ua lililo zuri kuliko yote. Mraba ukatoka kama ramani ya jimbo. Safari hii nilitumia gundi ya fundi viatu. Harufu yake iliniangusha. Nililala sakafuni nikitazama dari, nikadhani daktari amekosea hesabu na saa yangu imefika. Haikufika. Nikaamka, nikashona kingo kwa uzi wa katani, nikaweka kifungo cha koti langu la zamani.

Limependeza! Lina mikunjo upande wa kushoto, lakini limependeza. Nililitazama mchana kutwa. Nikasahau ini.

Jumapili, 10 Agosti

Balaa. Edith alikuja kutoka mtaani kwake Naviundu baada ya Misa, na utepe wa kupimia nguo. Wakajifungia chumbani na mama yake. Kisha yowe.

Clotilde akatoka amekinyanyua kitenge mbele yake. Uso wake niliuona ndani ya tundu. Akaniuliza: “Baba Edith, ni panya gani iko na makasi?”

Nikasema panya wa siku hizi siwajui.

Ndipo akaliona daftari mezani, limevaa ua lake. Edith akaanza kulia, na hapo nikaelewa kilio chake hakikuwa cha kitambaa. Kitenge kile ni cha matanga. Ni sare ya wanawake wa ukoo. Matanga yangu! Edith akakiri kwamba daktari alimwambia yeye kabla ya kuniambia mimi. Wamekinunua tangu Pasaka, kwa mfanyabiashara wa Mokambo, kule mpakani, na ua lile halipatikani tena. Mtu mmoja atanililia akiwa na tundu mgongoni.

Anaclet, aliyesikia yote, alishauri ng'ambo ya ukuta kwamba tundu lifichwe kwenye mkunjo wa kiunoni. Ni neno lake la kwanza lenye maana.

Jioni Clotilde alikaa karibu yangu. Hakugomba. Alisema: “Niko nakungoya tangu Pasaka. Sema na kinywa yako, mi nisikie.”

Nilifungua kinywa. Nikamweleza kwamba gundi ya fundi viatu inashinda bukari.

Aliinuka kwenda kupepea makaa.

Jumanne, 12 Agosti

Ushindi! Clotilde amelipangusa daftari kwa ncha ya kitenge chake, akaliweka juu ya kabati, kando ya sanamu ya Bikira Maria. Halitachomwa. Imenilazimu kupanda kiti ili nilishushe niandike haya, na kushuka kulichukua nusu ya roho iliyobaki.

Anaclet amekuja kuliona. Aliligeuza, akasema upande wa nyuma umekaa wazi kama uwanja wa mpira. Mtu wa wivu. Lakini amesema kweli. Nitaongeza jina, KWA CLOTILDE, herufi kubwa, zikatwe kwenye kitambaa kilekile. Edith amenikatalia. Si kitu. Ijumaa watakwenda sokoni wote wawili, na makasi najua yalipofichwa.

Leo asubuhi nilizichora herufi kwenye karatasi ili nipime. Clotilde akapita na ndoo, akasimama, akauliza michoro hiyo ni ndege ao ni majani. Nikasema ni majani.

Mke wangu hajui kusoma. Nimewafundisha watoto wa nusu ya mji huu, na yeye sikumfundisha hata herufi moja ya jina lake.