Sindano na Ini la Kobe

Sindano aliamka kwenye benchi la duka la dawa akiwa na udenda kidevuni, na mfagizi anafagia kumzunguka kana kwamba yeye ni mguu wa meza.

Asubuhi ile alikuwa ameingia humo akipiga chafya mfululizo. Kwenye benchi alimkuta mpagazi wa saruji, naye anapiga chafya za vumbi. Wakauziwa vidonge vya aina moja, wakavimeza kwa maji ya jagi moja. Mpagazi alijifuta mdomo, akarudi kubeba mifuko. Sindano aliketi kidogo apumzishe miguu, na habari yake ikaishia hapo.

Alipoanza kulalamika kwamba amelishwa kitu, mwenye duka, mama wa makamo aliyefunga miwani yake kwa kamba, hata hakuinua uso.

"Hujalishwa kitu, kaka. Ni ini lako tu."

Akamweleza kwamba maini ya watu hayafanani mwendo. Lipo linaloivunjavunja dawa upesi mpaka inatoka mwilini kabla haijafanya kazi, na lipo linaloivunja polepole, dawa ikabaki ndani kama mgeni asiyeuona mlango. Kidonge kinachomtosha huyu kinaweza kumzidi yule. Mambo hayo mtu anayarithi kwa wazazi wake, yamo kwenye vinasaba. Basi vidonge vile asivimeze tena, na siku akienda hospitali awaambie kilichompata.

Mtu wa kawaida angesema asante. Sindano katika maelezo yote yale alibeba neno moja. Vinasaba. Alilirudia njia nzima huku akitikisa pakiti ya vidonge mfukoni. Neno lenye "nasa" tumboni mwake haliwezi kumlaza mtu njaa.

Inafaa tumjue kidogo huyu bwana. Aliitwa Sindano kwa kuwa alikuwa mwembamba na kwa kuwa akipita huachi kuhisi. Alikwisha kuuza mafuta ya kuotesha nywele kiparani, viwanja vilivyo katikati ya bwawa na miwani ya kusomea kwa wasiojua kusoma. Kipaji alikuwa nacho. Kasoro ilikuwa moja tu, ambayo ilimuumiza sana kila alipoifikiria: kila mji aliouhama, aliuhama mbio. Viatu mkononi, watu nyuma. Ndoto yake haikuwa jumba wala bustani. Alitaka, mara moja tu maishani, auage mji akiwa ameketi, dirisha limeshushwa, anawapungia watu mkono kama mtu mwenye heshima zake.

Chumba alikipata nyuma ya duka la mshona mapazia, mwanamke mkimya aliyejulikana kwa jina la Fundi, ambaye kabla ya kushona alikuwa akiendesha gari la mikate. Fundi alimsikiliza mpango wake wote huku ameuma pini. Alipozitoa pini mdomoni aliuliza swali moja, nusu yake ni ipi. Sindano akasema nusu ni nusu, dada, mimi na wewe ni ndugu sasa.

Mashine waliitengeneza kwa kofia kubwa ya kukaushia nywele iliyokwisha kustaafu saluni. Juu yake walipachika taa mbili, ya kijani na nyekundu, na waya ukapita chini ya pazia mpaka upande wa pili, kwenye pedali ya cherehani ya Fundi. Akikanyaga kwa vidole, kijani inawaka. Kwa kisigino, nyekundu. Mteja anatema mate kwenye kichupa, kichupa kinaingia ndani ya kofia, cherehani inanguruma, na Sindano, ndani ya koti jeupe la kinyozi, anafumba macho kama anayeswalisha.

"Kidonge hakikujui jina," alikuwa akiwaambia kwa sauti ya chini. "Kinalijua ini lako."

Kijani, una ini la mbio. Nyekundu, una ini la kobe. Ukiwa na lolote kati ya hayo mawili unahitaji chupa ya maji ya kulisawazisha, nayo yalikuwa maji, sukari na rangi ya keki. Dawa halisi za watu Sindano hakuzigusa wala kuzizungumzia. Alikuwa na msimamo wake: mteja aliyekufa harudi.

Mtaa ukaingia wazimu. Mume mmoja aliyezoea kuchelewa kurudi nyumbani alijitetea kwamba yeye ni kobe, na mkewe akamjibu kwamba kobe hata akichelewa anakuja na nyumba yake. Wachumba wakaanza kuulizana maini kabla ya kuulizana makabila. Siku moja mteja mbishi akauliza, na daktari mwenyewe je, ana ini gani?

Hilo hawakuwa wamelipanga. Sindano akatema mate, akaweka kichupa, akasubiri huku jasho likimtoka kwapani. Upande wa pili wa pazia Fundi alifikiri kidogo, akakanyaga kwa vidole. Kijani.

"Mbio," Sindano akatangaza, na mwenyewe akajikuta amefurahi kama mtoto aliyefaulu mtihani. Kuanzia siku hiyo alitembea upesi, akala upesi, na kila aliyekaa naye aliambiwa, "Sisi wenye ini la mbio, ndugu yangu, ndivyo tulivyo." Alilisema kwa watu wengi sana. Mwongo akishasema jambo kwa watu wengi kiasi hicho, huwa amebaki mtu mmoja tu wa kudanganywa.

Ndipo alipoingia Mzee Bati.

Mzee Bati aliuza mabati, misumari, waya na kila kitu kinachojengea nyumba, na mkono wake ulikuwa wa birika. Sabuni ya kwake ilikatwa kwa uzi. Alikuwa amesikia kwamba kwa mtu wa kobe dawa hukaa sana mwilini, na palepale akili yake ikapiga hesabu: kipande cha kidonge kwa mwezi mzima, nyumba nzima. Hakuja kupimwa. Alikuja kuchukua ini la kobe kama mtu anayekuja kuchukua mzigo wake stendi.

Fundi akakanyaga kwa vidole.

"Mbio?" Mzee Bati aliitazama taa kama imemtukana. "Mimi? Mimi ninayekwenda hata msalani kwa mpangilio? Rudia, mwanangu."

Wakarudia. Mbio. Mzee akaketi, kofia yake mkononi, akauliza kwa unyonge kama hakuna njia ya kubadilisha.

Sindano aliguna, akatazama dari, akasema ipo, ila hapendi kuitaja. Ipo mashine kubwa. Ini la mbio likiingia humo linatoka kobe, na si lake peke yake, la ukoo mzima kwa mkupuo mmoja. Lakini mashine iko mji mwingine, ni nzito, nayo inataka gari la kuibebea. Hapo macho yake yakavuka barabara mpaka uwanjani kwa mzee, lilikoegeshwa gari dogo la mizigo, la buluu, viti vyake bado vina nailoni ya dukani.

Mzee Bati alilitazama gari, akamtazama Sindano. Ubahili wake ulipigana na ubahili wake, na ule mkubwa ukashinda.

"Gari nitatoa. Lakini mtu wa dhamana abaki kwangu mpaka lirudi."

"Fundi atabaki," Sindano akajibu bila kupepesa. "Fundi ni ndugu yangu wa damu."

Nyuma ya pazia cherehani ilinyamaza, kisha ikaendelea kidogo kidogo.

Jioni Fundi hakulalamika. Alimpigia pasi koti lake jeupe. Akamuuliza tu, kaka, utarudi lini, na Sindano akamjibu kwamba upesi, dada, si unajua mimi ini langu. Fundi akacheka, akasema kweli kabisa. Kesho yake, kabla Sindano hajamaliza chai, yeye alikwisha kwenda kwa mzee akaongea naye kidogo langoni. Aliporudi alianza kukung'uta majora ya vitambaa vya zamani, vumbi likajaa chumbani mpaka koti jeupe likawa la kijivu.

Sindano alianza na chafya moja. Ikaja ya pili. Ya tano ilimtoa machozi.

"Utaendeshaje gari na chafya hizo, kaka? Si una vile vidonge vyako?"

Sindano akaitoa pakiti, akaigeuzageuza. Alisema vidonge hivi ana kesi navyo. Siku ile vilimwangusha benchini mchana kweupe.

"Siku ile ulikuwa na uchovu," Fundi alisema, akimfuta vumbi begani. "Wewe ni wa mbio. Mashine si ilisema?"

Hapa msimuliaji anaomba tukae kimya kidogo, kama tunavyofanya msibani. Maana Sindano alikuwa anaijua ile mashine. Aliichomelea mwenyewe. Lakini hakuwa akijua vidole vya Fundi viliwaza nini siku ile, na ndani ya moyo wake, pahali ambapo watu huweka mambo wanayoyapenda, ile taa ya kijani ilikuwa bado inawaka.

"Ilisema," akakubali. Akameza.

Wakavuka barabara. Mzee Bati alimkabidhi ufunguo kwa vidole viwili kama anayetoa jino lake mwenyewe. Sindano akapanda, akakaa. Nailoni ikalia chini yake kwa sauti tamu. Akashusha dirisha, akarekebisha kioo, akaweka kiwiko nje, akajaribu kidogo jinsi ya kupunga mkono: pole pole, kama mtu anayejua wanaompungia watabaki. Akafunga mkanda. Akasema, "Basi, mzee wangu, tutaonana," au tuseme alifika kwenye "tutaona". Kichwa kikashuka kifuani.

Fundi alimgeukia Mzee Bati.

"Si nilikwambia asubuhi? Akifikiri sana huwa hivi. Basi ni kama tulivyoongea, mzee: wa kukaa dhamana ni nani, mshona mapazia au daktari mzima?"

Mzee Bati hakuhitaji kufikiria. Mafundi wa mapazia wanapatikana. Na daktari akiwa ndani ya uwanja, ukoo utapimwa bure akisubiri. Vijana wake wawili wakamtoa Sindano kwenye kiti kwa uangalifu, wakamlaza juu ya rundo la mabati. Fundi akapanda, akaangalia chini miguuni pake, akaona pedali. Zilikuwa tatu, lakini pedali ni pedali. Nyuma, kwa ajili ya safari, vijana walikuwa wamempakilia cherehani yake, majora yake, na sanduku la mapato, nusu zote mbili. Alitoka getini taratibu, dirisha limeshushwa, anapunga mkono.

Sindano aliamka jua limehamia upande wa pili, shavu lake lina migongo kama paa la nyumba. Mbele yake ukoo wa Mzee Bati ulikuwa umepanga foleni, mashangazi, wajomba, wakwe, kila mmoja na kichupa. Kofia ya saluni ilikuwa imeletwa mezani.

Alitazama uwanja. Akatazama pale gari lilipokuwa. Alama ya matairi ilikuwa bado mbichi.

"Fundi yuko wapi?"

"Ameifuata mashine kubwa," Mzee Bati alimjibu kwa furaha. "Wewe ndiye dhamana. Anza na shangazi, goti linamsumbua kusimama."

Shangazi akatema mate. Kichupa kikaingia. Sindano akafumba macho, na ukoo wote ukafumba naye. Cherehani haikunguruma. Taa haikuwaka, si kijani, si nyekundu. Akasema labda shangazi hana ini. Shangazi akasema mengi ambayo hayafai kuandikwa.

Mzee Bati alikuwa mtu wa bisibisi. Aliishika kofia, akaifungua kifuniko, akachungulia. Ndani mlikuwa na waya uliokatwa na vitako vya taa mbili. Akaichomoa moja, akaisogeza karibu na jicho. Akaisoma chapa ya kitakoni.

"Hizi taa," alisema polepole sana, kwa ini lolote lile, "nimekuuzia mimi."

Sindano alichagua kukimbia. Ilikuwa kazi aliyoizoea, na mwili wake ulijua vizuri namna ya kuifanya: viatu mkononi, kichwa mbele, lango liko wapi. Lakini ini lake, lile halisi, lile alilorithi kwa babake au kwa mamake bila kuulizwa, lilikuwa bado linakitafuna kile kidonge bila haraka yoyote. Miguu ilikubali hatua chache, kisha ikapiga magoti, kwa adabu, mbele ya mashangazi.

Likabaki swali la kumfikisha kituo cha polisi. Gari halipo. Kukodi jingine Mzee Bati alikataa hata kulisikia. Akaamuru toroli la kubebea saruji.

Ndivyo Sindano alivyotoka mtaani akiwa ameketi. Kijana mmoja alisukuma, mwingine alishika pembeni, Mzee Bati akatembea mbele akiwa na zile taa mbili kama ushahidi. Walipopita duka la dawa, mama mwenye miwani ya kamba alitoka mlangoni, akamtazama abiria macho yanavyomlegea, akamuuliza kama amevimeza tena vile vidonge. Sindano akataka kumjibu, lakini vumbi la saruji lilikuwa limemjaa puani. Akainua mkono juu auzibe mdomo kabla ya chafya.

Watu walioketi kibarazani wakadhani anawaaga. Wakampungia wote.