Nirudishiwe Unyapara Wangu

Shamba la Nne la Miwa,
Ndhiwa.

Kwako Bwana Meneja,

KUH: JINA LA NYAPARA

Pokea heshima za mtu ambaye juzijuzi tu alikuwa nyapara wako wa wakataji miwa, na ambaye sasa, kwa tangazo ulilobandika mlangoni pa stoo, ni "Kiongozi wa Timu". Sijakataa amri yako, Bwana Meneja. Nimeumia tu.

1. Nyapara ni cheo kinachoeleweka. Nyapara husimama kivulini na fimbo yake, na akikohoa, mapanga yanasikika. Mimi nilipandishwa cheo kwa kukohoa vizuri.

2. Kwenye matanga kule Rodi Kopany nilitangazwa kwa jina jipya. Zamani ningeketishwa karibu na wachungaji, kwenye viti vyenye mikono. Safari hii nilielekezwa kwa vijana wa mpira, na mama mmoja akaniuliza kwa huruma kama magoti yangu bado yanaruhusu.

3. Mourine, mkataji asiye na breki mdomoni, aliniambia mbele ya watu: "Mzee, si timu ni sisi wote? Shika panga basi." Nilitafuta jibu kwenye tangazo lako, sikulipata. Nikashika panga.

4. Mke wangu Rispa naye amesikia kwamba kiongozi huonyesha mfano. Sasa kila alfajiri naonyesha mfano kisimani, jerikeni mkononi. Majirani hunipisha njia wapate kucheka vizuri.

Kwa hiyo naomba cheo changu kirudi, kisomwe kanisani, na Rispa apewe nakala yake. Ukikataa, basi nawe uitwe Kiongozi wa Timu, uje tukate pamoja. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

Nisalimie mama watoto, karani, mlinzi wa lango na hata mbwa wake.

Mtiifu wako, ingawa umenishusha,
Elkana Obare,
NYAPARA.

Tanbihi: Mwandiko huu ni wa Mourine, maana viganja vyangu vimejaa malengelenge. Halafu kuna jambo dogo. Wakataji hula nyoyo yao, yaani mahindi yaliyochemshwa na maharagwe, kutoka sufuria moja, na nyapara hula peke yake kando. Nimekula kando miaka mingi, na sikujua kwamba nilikuwa mpweke. Tangu nishike panga wananiwekea kijiko. Basi cheo kikirudi, tafadhali kaa nacho kwanza huko ofisini. Kesho ni zamu yangu kuleta chumvi.