Biti ya Bibi Harusi

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Mdogo wangu anaolewa Jumamosi. Leo kanifuata dukani, nikiwa nasugua lenzi za miwani ya mteja. Anataka kitu kimoja tu kutoka kwangu: aingie ukumbini kwa ile apejio ya marehemu mama, noti zinazopanda moja moja kisha zinashuka. Mama hayupo wa kumsindikiza, basi walau aisikie piano yake. Akauliza kama bado napiga. Nikamjibu, kila siku! Uongo mtupu. Piano naifuta vumbi tu. Lakini ningekataa, angemwita Profesa, jirani yetu mpiga kinanda, mtu wa kuvaa tai hata akienda kununua chumvi. Thubutu! Mama alikuwa wetu, si wake.

Jumatano, tarehe 5 Juni
Nimepakua biti za mazoezi kwenye simu. Ngoma zipo, besi ipo, apejio natakiwa kujazia mimi. Biti inakwenda zake, mimi nachechemea nyuma. Nikiikimbilia, naipita. Profesa kabisha hodi. Kasema kwa upole nisivitazame vidole, niisikilize besi, na yuko tayari kunifundisha jioni. Nikamshukuru, nikafunga mlango. Wivu tu huo.

Ijumaa, tarehe 7 Juni
Nimepata akili! Kati ya biti hizo kuna moja yenye piano tayari, ya mfano kwa wanafunzi. Mpigaji anapiga kama mama, au karibu yake. Nijitese kwa nini? Spika nitaificha nyuma ya piano, vidole nitavichezesha juu juu. Nimeisikiliza mwanzo wake, nikafumba macho, nikamwona mama na gauni lake la nyumbani, anapiga huku anatuhimiza tunawe mikono. Nililia kidogo. Nimemkumbuka sana. Kisha nikachaji spika.

Jumamosi, tarehe 8 Juni
Aibu! Piano ya mama imeletwa ukumbini, imepambwa kwa maua. Bibi harusi kaingia na mjomba. Biti inatiririka, shangazi anafuta machozi. Wakafika katikati. Ghafla spika ikasema kwa sauti nzito: vizuri sana, sasa rudia tangu mwanzo! Mjomba ni mtu wa kutii. Akamgeuza bibi harusi, wakarudi mlangoni, wasimamizi wakigongana nyuma yao. Wakaanza upya. Sauti ikaamuru tena: sasa mkono wa kushoto peke yake! Mjomba akauficha wa kulia mfukoni.

Profesa akainuka, akaizima spika. Mikono yangu bado iko hewani, kila mtu anaiona. Ningefanyaje? Nikapiga. Mwenyewe. Kidole gumba kikakwama pale kinapotakiwa kupita chini ya vingine. Nikaanza tena, kikakwama tena. Kila nikikwama, mdogo wangu anasimama. Nikiendelea, anatembea. Tukafika mbele hivyo hivyo, mimi jasho linanitoka.

Jumapili, tarehe 9 Juni
Mdogo wangu kapiga simu. Nikajiandaa kusemwa. Badala yake akasema mama naye alikuwa akikwama pale pale, miaka yote, kisha anaguna na kuendelea. Hivi mimi nilisahauje? Akasema nilipokwama mara ya kwanza alihisi mama kaingia ukumbini. Aliogopa nisije nikapatia. Ananialika kwake Jumapili ijayo, kuna piano ya mumewe. Nipige kwa mikono yangu, bila mashine, na makosa yangu yote. Nikasema ndiyo, mdogo wangu, ndiyo.

Jumanne, tarehe 11 Juni
Balaa! Piano imesharudishwa nyumbani. Asubuhi nimeikalia, gumba likapita bila kukwama. Nikarudia, likapita tena. Nikajaribu kukwama kwa makusudi, ikasikika uongo hata kwangu mwenyewe. Sasa mdogo wangu nitampelekea nini? Nimetafuta mchana kutwa kwenye simu, na Mungu si mchoyo: nimepata biti ya mwanafunzi mmoja anayekosea vizuri mno, pale pale pa mama. Sasa natafuta spika ndogo ya kuenea ndani ya soksi.