Pichi kwenye Meza ya Marehemu Mfalme

Jumapili, 31 Julai

Leo Pyo hashikiki. Kafika ukumbi wa wazee kabla ya mwenye funguo, shati limepigwa pasi. Katutangazia kwamba jioni hii mapichi ya shamba lake yataonekana kwenye tamthilia ya malkia, ile ya Jumamosi na Jumapili ambayo nchi nzima inaitazama. Watu wa televisheni walichukua masanduku mawili. Neno "ikulu" kalitaja mara kumi na moja. Nilihesabu. Kisha kanifunga mchezo wa janggi, sataranji ya kwetu, kwa kuipeleka kete yake ya tembo mahali ambapo tembo haendi. Nilipolalamika, kasema mtu anayelisha ikulu hafundishwi njia za tembo.

Nimetazama ili nione kasoro. Malkia mjane anamwandalia mumewe meza ya tambiko. Mishumaa, wali, samaki, chestinati. Na katikati, kwenye sahani ya shaba, mapichi ya Pyo, manene, yenye haya mashavuni.

Pichi! Kwenye meza ya marehemu!

Hata mtoto wa chekechea anajua kwamba pichi hufukuza roho. Marehemu anafika mlangoni, anasikia harufu, anageuka na njaa yake. Malkia analia akimwita mumewe huku kamfungia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Nimecheka sana. Nikageuka kumwambia mke wangu, Mama Eun-sil.

Kwenye kiti chake kulikuwa na gazeti tu.

Ijumaa ya tarehe 12 anatimiza mwaka tangu afariki. Litakuwa tambiko lake la kwanza, na meza nitaipanga mimi.

Jumatatu, 1 Agosti

Mpango umekamilika kabla ya kifungua kinywa. Televisheni ina ubao wa maoni ya watazamaji kwenye mtandao. Binti yangu Eun-sil aliniwekea kwenye simu ili nisikae kimya mno. Nimejiandikisha kwa jina la Mgane wa Posta, kwa kuwa ni mgane na nilisambaza barua miaka thelathini na minne. Jina la kweli nimelificha. Mji wetu unaishi kwa mapichi. Hata taa za barabarani zina umbo la pichi.

Nimeandika kwa kidole kimoja, saa mbili na nusu nzima. Nimeeleza mila, nikamaliza hivi: "Malkia, unamfukuza mumeo. Mke wangu marehemu angeona meza hiyo, asingekanyaga kizingiti."

Sentensi nzuri. Nimeisoma kwa sauti mara tatu.

Waliosoma: saba. Mmoja ameuliza kama nauza kitu.

Jumatano, 3 Agosti

Waliosoma: elfu arobaini na moja!

Mtu fulani amenakili maneno yangu, mwingine kayachukua, na leo adhuhuri msomaji wa habari amesema "Mgane wa Posta" kwa sauti ileile anayosomea vimbunga. Maprofesa wawili wamegombana redioni. Mmoja anasema tamthilia inaitukana historia yetu. Wa pili anasema ikulu ilikuwa na desturi zake na hakuna aliyekuwepo. Wa kwanza akamuuliza kama kwao huwekwa pichi kwenye meza ya babu yake. Yule wa pili akaomba maji.

Nimekunywa makgeolli, pombe yetu ya mchele, bakuli moja, mchana. Mama Eun-sil asingeruhusu.

Yeye na mapichi walikuwa na yao. Sisi tulikuwa vyama viwili ndani ya nyumba moja: mimi pichi gumu, yeye pichi laini. Alikula akiwa ameinama juu ya sinki, maji yakimtiririka mpaka kiwikoni. Siku za tambiko la wazazi wangu aliyaficha mapichi yake ndani ya mashine ya kufulia, kisha akafunika. Alisema mama mkwe akisikia harufu na kugeuka mlangoni, atakayelaumiwa ni yeye. Wageni wakiondoka, alikwenda kwenye mashine moja kwa moja, hata aproni hajavua.

Ijumaa, 5 Agosti

Nchi imewaka. Mashada ya maua ya msiba sitini yamepelekwa mlangoni pa televisheni, kila moja na utepe mweusi wa kuilaani tamthilia. Lori lenye skrini kubwa linazunguka jengo kutwa, likiwaka maneno haya: MALKIA, UNAMFUKUZA MUMEO. Sentensi yangu! Juu ya lori! Wadhamini watatu wamejitoa. Mwigizaji wa nafasi ya malkia kaonekana akipanda gari amejifunika miwani. Nikamwonea huruma kidogo. Machozi yake yalikuwa mazuri, sahani ndiyo iliyokosea.

Ukumbini Pyo amekaa kama mtu aliyemwagiwa maji. Kasema akimpata huyo Mgane wa Posta atamlisha pichi zima na kokwa lake. Nikasema anastahili. Mwenye funguo akasema huyo mtu lazima ni wa Seoul, maana lugha yake imenyooka. Nikashukuru moyoni na kuinama kwenye ubao wa janggi.

Leo nimeshinda. Pyo hakuwa na moyo hata wa kudanganya na tembo.

Jumapili, 7 Agosti

USHINDI. Kabla ya kipindi, skrini nyeusi, maandishi meupe: wanaomba radhi kwa watazamaji wote, na wameirekebisha sehemu ile. Wakairudia. Mapichi yamegeuzwa mapeasi kwa kompyuta. Peasi moja limebaki na shavu jekundu, lakini mimi si mtu wa kutafuta makosa.

Nimepiga makofi peke yangu. Nikainuka nimsimulie. Nikakaa.

Sasa niandike jambo ambalo sijaliandika.

Mwaka jana, wiki yake ya mwisho hospitalini, Mama Eun-sil aliomba pichi laini la Pyo. Hakusema la mtu mwingine. Pyo na mimi tulikuwa tumenuniana kwa ajili ya tembo, wiki ya tatu. Nikapita mbele ya geti lake bila kusimama, nikanunua dukani. Magumu. Nikamkatia vipande vyembamba. Alitafuna kimoja kwa muda mrefu, akanishukuru, akasema ni kitamu. Yeye alikuwa hodari wa kila kitu isipokuwa kusema uongo.

Nataka ale lile aliloniomba. Ijumaa hii. Na nchi nzima nimeshaikataza.

Jumanne, 9 Agosti

Mpango wa kwanza: kuagiza kwa Pyo kwa simu bila kujulikana. Nimebana pua, nikajitambulisha kuwa Mama Gil wa Busan, nataka sanduku moja la laini.

Yameisha. Yote. Tangu kelele zianze, watu wa kila mkoa wanataka kuonja pichi lenye nguvu kiasi hicho. Pyo kachapisha karatasi mpya za masanduku: PICHI LILILOMFUKUZA MFALME. Mti haujabakiwa hata na moja mpaka mwakani. Nimemtajirisha mimi mwenyewe, kwa kidole kimoja!

Kabla hajakata simu, kamtakia Mama Gil nafuu ya mafua.

Mpango wa pili: maduka. Nimezunguka mji mzima kwa baiskeli juani. Magumu tu, kila mahali. Muuza duka mmoja akaniambia niyaache kwenye dirisha siku nne yatalainika. Nikamwambia nina siku tatu. Akasema basi nile kwa subira.

Alhamisi, 11 Agosti

Shemeji amefika kutoka Andong, dada mkubwa wa Mama Eun-sil. Umri miaka sabini na tano, mgongo umenyooka kama rula. Kabla ya kunywa maji kakagua friji, vijiti vya kulia na soksi zangu. Kaniambia kwa heshima kwamba dada yake alivumilia mengi. Kisha katoa kwenye mkoba karatasi iliyokunjwa vizuri: maneno ya Mgane wa Posta, yamechapishwa kwa herufi kubwa. Kasema nchi hii bado ina mwanamume mmoja mwenye akili, na kwamba ningejifunza kwake.

Nikasema nitajitahidi.

Pia kaahidi kwamba tambiko la mwakani ataleta seti ya bakuli za shaba kwa ajili ya mdogo wake. Mwanawe ndiye anayezitengeneza. Tangu ujana Mama Eun-sil alizitamani, nami kila mwaka nilisema mwakani. Nimeguswa hata nikasahau soksi.

Alasiri, kengele ya geti. Pyo, na sanduku dogo lisilo na maandishi.

"La Mama Eun-sil," akasema. "Sanduku la kwanza kila msimu ni lake. Mwaka jana hukuja kulichukua."

Nikamwambia mwaka jana nilikuwa nimemnunia.

"Najua. Lilikaa mpaka likaoza. Sikutaka kuliuza."

Nikalipokea sanduku. Nikamuuliza, kwa kupitapita tu, kama kuna habari zozote za yule Mgane wa Posta.

"Mzee Tak, mji huu una posta moja, na imestaafisha mgane mmoja. Nilijua tangu Jumatano." Akafuta jasho. "Wewe ukigombana na mtu, unamtajirisha. Nitakununia vipi?"

Nikamwambia kwamba mezani siwezi kuyaweka. Akasema hilo ni shauri langu, hakunituma nikapigane na malkia. Alipofika barabarani akageuka.

"Na tembo anakwenda vile."

"Haendi," nikasema.

Ijumaa, 12 Agosti

Leo lazima niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nilikuwa na mapichi matatu laini na dada wa marehemu anayelinda mila kama askari wa zamu. Mezani, haiwezekani. Jikoni, ndani ya pua yake. Getini, marehemu atageukia hapohapo. Nikazunguka nyumba na sanduku kifuani, mpaka nikasimama mbele ya mashine ya kufulia.

Bila shaka! Mezani hakuna pichi, mila iko salama, Mgane wa Posta hajavunja neno lake. Na mwenye kuyatafuta anajua yalipo. Nikayapanga matatu chini kabisa, nikayafunika kwa taulo kama alivyokuwa akifunika yeye. Nikajiona mjanja kuliko maprofesa wawili wakijumlishwa.

Saa moja jioni. Eun-sil amekuja na mumewe. Meza imependeza, nimekosea mahali pa tende tu, Shemeji kaihamisha bila kusema. Nikafungua mlango wa mbele Mama Eun-sil aingie. Nikawasha ubani, nikainama mara mbili. Nikachomeka kijiko kwenye wali. Kisha, kama ipasavyo, sote tukatoka sebuleni tukafunga mlango, tukasimama vichwa chini, tumwache ale kwa utulivu.

Kimya.

Gu. Gu-gu. Gu.

Eun-sil akanishika mkono. Mkwe wangu akatazama dari.

Gu-gu-gu. Kutoka upande wa kufulia. Shemeji ndiye pekee ambaye hakushtuka. Akanong'ona kwamba alimwagikiwa na pombe ya mchele akiandaa, akatumbukiza aproni kwenye mashine kabla hatujaanza, maji ya moto, hataki doa likae.

Sikuweza kukimbia. Mtu hakimbii wakati marehemu anakula. Nikasimama na kichwa chini nikisikiliza mapichi ya mke wangu yakipigwa huku na huku, na machozi yakanitoka. Mkwe akanipapasa mgongo. Alidhani ni ile huzuni ya kawaida.

Tulipomaliza kila kitu na kuichoma karatasi yenye jina lake, nikaenda kwenye mashine. Nikafunua.

Taulo zimekuwa za rangi ya waridi. Harufu imejaa chumba kizima. Na chini kabisa, kokwa tatu. Safi. Hazina hata uzi mmoja wa nyama.

Amekula! Yote matatu! Amekuja, hajageuka mlangoni, kaenda moja kwa moja kwenye mashine, hata aproni hajavua.

Shemeji alikuwa nyuma yangu. Akasema ni mashine iliyofanya hivyo. Kisha akaitoa aproni, akainusa, akaigeuza akainusa tena, akaenda kuianika bila kuisuuza.

Jumapili, 14 Agosti

Kokwa tatu ziko kwenye kikombe chake cha chai, dirishani.

Nimemsimulia Pyo. Kafikiri, kasema laini lake huwa halibaki kwenye kokwa, hilo ndilo jina lake sokoni. Tukacheza janggi. Tembo akaenda kulekule. Nimemwambia mbele ya mashahidi kwamba mwakani sinunui kwake hata jani. Kasema sanduku litakuwa getini.

Shemeji kaondoka kwa basi la asubuhi. Kanikumbusha nitazame tamthilia leo. Bakuli za shaba zilizomo ni za mwanawe, zote, kila kipindi, na ukoo mzima Andong utakuwa mbele ya televisheni. Nikampungia mkono mpaka basi likapotea.

Nimetazama. Tambiko lingine. Bakuli ni nzuri kwa kweli, zinang'aa kama jua. Lakini malkia kapanga wali kushoto na supu kulia, kama anavyopangiwa mtu aliye hai. Kwa marehemu hugeuzwa! Mfalme atakula vipi, kwa mkono gani? Kamera imezikaribia bakuli hizo mpaka zikajaa skrini nzima.

Nimejizuia dakika ishirini. Nikaandika kwa kidole kimoja. Nimeanza hivi: "Malkia, bakuli hizo zingefaa zaidi kunyweshea kuku."

Sentensi nzuri. Waliosoma mpaka sasa: saba.