Sisimizi wa Lobi

Jumapili, 9 Juni 2013
Madam Jennifer, msimamizi wetu, ametangaza: wiki ijayo mtunza maua mmoja tu atabaki ndani, kwenye lobi ya mapokezi ya hoteli. Mwingine bustani ya nje. Nje, kwenye jua la jangwa hili, ni digrii arobaini na tano! Ni mimi au Idrisa wa Tanga, mpole hadi anakera. Atakayefanya markea ichanue ndiye atabaki.

Markea ni mmea wa misitu ya Amerika Kusini. Jamaa wa nyanya na biringani, lakini hauna kazi. Umekaa juu ya gogo bila udongo, unakula kiyoyozi bure. Nauonea wivu.

Jumanne, 11 Juni
Balaa. Idrisa kaupulizia maji tangu wiki iliyopita, sasa umetoa tumba. Anasema ni letu sote. Mnafiki.

Nimesoma kwenye simu: huko kwao, sisimizi hujenga kwenye mizizi yake na kuulisha. Basi! Jikoni kwetu, kwenye nyumba ya wafanyakazi kule Muaither, wamejaa tele. Nimetega kopo langu la jemu. Cyrus, mwenzangu wa chumba, kaniuliza kama niko sawa.

Alhamisi, 13 Juni
Asubuhi nimewamwaga kwenye gogo. Wameligeuzia kisogo. Saa sita walikuwa na foleni safi kabisa hadi ukumbi wa harusi, juu ya keki ya ghorofa tano. Mama wa bibi harusi alisikika hadi kwenye lifti.

Nilimwambia Madam huenda walikuja na gogo kutoka Amerika. Akaniuliza kama na kopo limetoka huko. Nililisahau nyuma ya mmea! Jikoni kwetu usipoandika jina, jemu inaliwa na watu. Kwa hiyo liliandikwa jina langu, namba ya chumba, na USIGUSE.

Jumamosi, 15 Juni
Ua limechanua. Idrisa kabaki ndani. Mimi nje na mpira wa maji, nguo zimenigandia mwilini. Nimelia, kidogo. Idrisa kaniletea maji baridi, kasema labda sisimizi walisaidia. Nimeyanywa kwa hasira.

Ila nimesoma tena. Huko msituni popo ndio hulitembelea ua, na bila wao hakuna tunda. Hoteli gani hapa West Bay ina tunda la markea? Rafiki yangu Kiprop analinda jengo ambalo halijaisha kule mtaa wa Abu Hamour, anasema popo wananing'inia humo. Nimemwambia anikamatie; wawili wanatosha, lakini akipata kumi asiwaache.