Wasifu wa Mzee Melchior

Jumapili, 3 Agosti 2025
Baridi kali asubuhi. Jua lipo lakini la kudanganya. Barafu kwenye kioo cha gari.

Nimechaguliwa! Mwenyekiti wa Jumuiya ya Tujaliane, Granville, hapa Sydney. Kura ishirini na tatu, Dévote kumi na tisa. Sikugombea, walinipendekeza nikiwa chooni. Walisema katibu aliyetunza daftari la mahudhurio miaka sita bila kufuta hata neno moja anafaa kuongoza.

Nilifurahi hadi kituo cha Rooty Hill. Nyumbani nikafungua katiba. Kifungu cha tisa: mwanachama akifariki, mwenyekiti ndiye atakayesoma wasifu wa marehemu mbele ya waombolezaji. Nilikuwa nakijua kifungu hicho. Lakini kukijua kikiwa cha mwenzio si sawa na kukijua kikiwa chako.

Mara ya mwisho kusimama mbele ya watu ilikuwa mdahalo wa kidato cha pili, Kasulu. Nilifungua mdomo, sauti ikagoma. Nikaketi. Hadi namaliza kidato cha nne waliniita Redio Mbovu.

Nimehesabu wanachama waliopita miaka sabini na tano. Saba. Saba! Nimelala saa sita na nusu.

Jumatatu, 4 Agosti
Manyunyu.

Dévote kanipigia saa kumi na mbili asubuhi, sauti tamu kama ya mtu aliyeshinda. Yeye sasa ni makamu wangu. Kanipa hongera, halafu pole. Pole ya nini? Mzee Melchior Niyonzima, mwanachama wetu, kalazwa hospitali ya Liverpool, hapa hapa Sydney. Alipanda ngazi kupogoa mlimau, akaanguka, goti likavunjika. Ana miaka themanini na moja.

Nikasema goti haliui mtu. Dévote akasema kwa umri ule huanza goti, hufuata pafu. Akanishauri nianze kulainisha koo.

Nikamwomba misiba achukue yeye, mimi nibaki na mikutano. Dévote akisoma wasifu, hata dereva wa gari la maiti hulia. Akajibu kwamba misiba na kiti havitenganishwi. Nikitaka kumpa kimoja, nimpe vyote.

Simpi.

Mpango. Kwanza: Mzee asife. Pili: akifa, wasifu uwe tayari. Tatu: sina.

Jumanne, 5 Agosti
Upepo.

Nilipotoka kazini, kwenye chumba cha kufulia nguo cha nyumba ya wazee, nimekwenda Liverpool moja kwa moja. Machungwa kilo mbili. Goti limepasuliwa salama. Nimemhesabia Mzee pumzi: kumi na sita kwa dakika. Nimemwuliza nesi habari za pafu. Akasema pafu halina neno, huyu ni mgonjwa wa goti. Hakunitazama machoni. Dalili mbaya.

Mzee aliniita Madamu Prezida, akashukuru sana, akauliza mbona namkodolea macho kifuani.

Jumatano, 6 Agosti
Baridi imezidi. Nimewaza mapafu tangu alfajiri.

Nimekwenda mara mbili. Asubuhi: uji wa ulezi, soksi za sufu, nikafunga dirisha. Jioni nikakuta limefunguliwa. Nikalifunga tena. Mgonjwa wa kitanda cha pili alipokohoa, nilimwomba kwa heshima ageukie ukutani. Mzee akauliza kama na huyo jirani yake ninamletea uji. Nikasema hapana. Akavuta shuka hadi kidevuni.

Usiku nimeandika wasifu. Kurasa mbili, mwandiko safi. Kuzaliwa, kukimbia Burundi, kambi ya Mtabila, kufika Sydney, wajukuu. “Marehemu alikuwa mtu mpole, mnyenyekevu, asiyependa makuu.” Mwishoni nimeacha nafasi: “Alifariki siku ya ........ saa ........” Nimeusoma mbele ya kioo. Sauti imegoma kwenye neno la kwanza, “Ndugu.” Nimelala saa nane.

Alhamisi, 7 Agosti
Mawingu. Sitaki hata kuandika.

Zipu ya mkoba imekatika. Wasifu nikauficha chini ya machungwa, nipate kuurudia kwenye treni.

Mlangoni mwa wodi nikamkuta Lyse, bintiye Mzee, macho mekundu. Akanivuta kando. Akataka nimwambie ukweli: madaktari wameniambia nini wanachoificha familia? Mwenyekiti aliyepita hakuja hata baba alipopasuliwa moyo. Mimi nimekuja mara nne kwa siku tatu, na uji! Baba hakulala. Kaagiza suti yake ya kijivu ipigwe pasi. Kamwita mwanawe wa Adelaide aje upesi.

Ningeweza kumweleza. Maneno mawili tu yangetosha. Badala yake nikasema, “Mungu ni mwema.”

Lyse akaangua kilio.

Nikamkabidhi mfuko wa machungwa, nikatoka mbio. Treni ilipofika Granville ndipo nikakumbuka kilichokuwa chini ya machungwa.

Ijumaa, 8 Agosti
Sijafungua pazia. Hali ya hewa siijui.

Simu ya Lyse mara tisa. Sikupokea. Ujumbe wa Dévote: kuna nini, mbona Mzee kamrudisha mlangoni padri aliyekuja kumpaka mafuta ya wagonjwa? Sikujibu. Mara ya kumi ikaja namba nisiyoijua. Nikapokea.

Mzee mwenyewe! Sauti ya radi. Kuhusu pafu sina tena wasiwasi.

Akanisomea kazi yangu, neno kwa neno. Hakuzaliwa Rumonge, kazaliwa Makamba. Wajukuu si tisa, ni kumi na mmoja, nimeua wawili. “Mpole”? Nani kasema? Muulize mkewe! Na makuu anayapenda, ndiyo maana alinunua suti ya kijivu. Pale kwenye nafasi ya siku na saa, kasema, ameshanijazia kwa kalamu nyekundu.

Halafu hukumu. Nitausoma mkutano wa tarehe kumi na saba, wote wakiwepo na yeye akisikia. Watu husifiwa wakiwa hawasikii, ni hasara. Nikikataa, atawaeleza wanachama jinsi mwenyekiti wao anavyozuru wagonjwa, na ataomba kura upya.

Nimelala, kama ndiko kulala, saa kumi alfajiri.

Jumapili, 17 Agosti
Jua zuri. Halikunisaidia.

Ukumbi ulijaa. Habari zilikwishafika, na najua zilipitia kwa nani. Dévote aliketi mbele na kitambaa cha machozi mkononi. Mzee katikati, gongo moja la kutembelea, suti ya kijivu; karatasi alinirudishia mlangoni.

Nikasimama. Nikafungua mdomo. Kimya. Nikaona darasa zima la Kasulu limeketi mbele yangu. Dévote akainua makalio kidogo, tayari kuja kunipokea karatasi.

Mzee akagonga gongo sakafuni: “Soma, Madamu Prezida! Marehemu ana njaa!”

Ukumbi ukacheka. Sauti ikatoka, nyembamba, lakini ikatoka. Nilipokwama alinitajia neno linalofuata, maana karatasi ameikariri. Nikasoma Makamba. Nikasoma wajukuu kumi na mmoja. Nilipofika sehemu ya kambi, mkewe akalia, Lyse akamshika. Dévote naye akalia, kwa mazoea. Nikafika mwisho: “Alifariki siku ya...” Hapo pana neno moja jekundu: BADO.

Walipiga makofi hadi viti vikatetemeka. Mzee kasema hajawahi kuzikwa vizuri hivyo. Hakuna aliyetaja kura.

Jumatatu, 18 Agosti
Baridi tena.

Nimetafakari kwa utulivu. Frida, binti yangu, kaniambia kwa Kiingereza chake kwamba sasa nimepona, naweza kusoma popote. Mtoto haelewi. Jana nilisoma kwa sababu marehemu alikuwepo kunitajia maneno. Marehemu wa kweli hatanitajia kitu! Hatari imezidi.

Kwa hiyo nimeanza wasifu wa wazee sita waliobaki, kwa mpangilio wa alfabeti. Wa Mama Anésie umekamilika, nafasi zimeachwa. Jana kwenye mkutano alikohoa mara mbili. Nilihesabu.

Kesho nampelekea machungwa. Zipu ya mkoba bado sijaitengeneza, na nyumba hii Frida hupekua kila droo. Karatasi nimeiweka chini ya machungwa, kwa muda tu.

Nimelala saa saba na dakika kumi.