Mwenyekiti Hafanani na Mtu Yeyote

Waswahili wote waishio Dallas, Fort Worth na vitongoji vyake wanataarifiwa kwamba Mwenyekiti wa Baraza letu, Mheshimiwa Melkiori, hafanani na mtu yeyote, aliye hai au aliyekufa, wa rangi au wa nyeusi na nyeupe. Hayo ndiyo matokeo ya Tume. Tume ilikuwa na wajumbe watatu: Mwenyekiti mwenyewe, Makamu wake Nderitu, na mimi Twalibu, Katibu Mkuu, niliyeandika matokeo kabla uchunguzi haujaanza ili tusipoteze muda.

Naeleza jambo lilivyokuwa kwa sababu mtaani yanasemwa mengi.

Kule Vickery Meadow, kwenye majengo wanamoishi ndugu zetu wengi waliotoka Kongo ya mashariki, kuna chumba cha kufulia. Kina mashine kumi na mbili, tisa nzima. Humo ndimo Déo, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mpakiaji mizigo ghalani, alipoanza kutundika shuka jeupe kila Jumamosi saa kumi jioni na kuonyesha sinema za zamani. Nasema za zamani hasa: za miaka ile sinema ilipokuwa ndiyo kwanza imejifunza kusema, na bado inakwaruza kama mtu mwenye mafua. Waigizaji ni wanaume wawili, mmoja mnene, mmoja mwembamba. Wanapewa kazi ndogo, tuseme kutundika pazia. Baada ya dakika ishirini pazia limetundikwa, dirisha halipo.

Kiingereza cha sinema zile hakuna aliyekisikia vizuri, kwa hiyo Déo alizima sauti, akasimama pembeni na kipaza sauti, akawa anatafsiri papo hapo. Yeye alimsemea mwembamba. Mnene alisemewa na Généreuse, mama anayehudumia wazee kwenye nyumba yao ya matunzo, mwenye sauti ya kusimamisha treni. Watazamaji wakawabatiza wale wawili Gunia na Uzi.

Habari ziliponifikia, watu sitini walikuwa wanahudhuria. Mkutano wa Baraza wa mwezi huohuo ulikuwa na watu wanne, na mmoja wao alikuwa amekosea mlango, akitafuta darasa la mazoezi ya viungo.

Hilo pekee tungelivumilia. Baraza letu ni sikivu. Lakini Makamu Nderitu alikwenda kujionea, akarudi uso umemshuka.

"Chair," alisema, "wacha nikuambie ukweli. Wale watu wanakucheka."

"Mimi? Mbona sijawahi kukanyaga kule?"

"Hiyo ndiyo shida sasa. Hujafika na wanakucheka. Huyo Gunia anatembea kama wewe. Anavuta tai hivi. Akikasirika anasema, 'Tafadhali! Tafadhali!' Na kitu kikiharibika, anageukia mwenzake anamlaumu."

"Na huyo mwenzake anafanana na nani?"

Nderitu alifikiri. Yeye ni mrefu, mwembamba, na suruali zake zote humwishia juu ya kifundo cha mguu. "Huyo hafanani na mtu," alisema.

Tume ikaundwa kabla chai haijapoa. Tulitazama sinema nne ofisini kwa Mwenyekiti, Carrollton, bila kucheka, kama taratibu zinavyotaka. Makamu alitoka mara mbili kwenda msalani, na sauti zilizosikika huko hazikuingizwa kwenye kumbukumbu. Tulibaini kwamba sinema zile zilitengenezwa miaka tisini na zaidi iliyopita, wakati Mwenyekiti hajazaliwa, wala baba yake. Nikashauri kwamba huenda basi hakukuwa na kusudio.

"Twalibu," Mwenyekiti akaniambia kwa upole, "miaka tisini kabla? Huko ndiko kupanga mapema."

Nikaandika: njama ya muda mrefu.

Déo aliitwa mbele ya Tume. Alikuja moja kwa moja kutoka zamu, bado amevaa viatu vya kazi vyenye chuma kwenye ncha.

"Ndugu Déo," alianza Mwenyekiti, "waigizaji hawa wako wapi? Tunataka waombe radhi kwa maandishi."

"Président, bale batu bakufaka zamani."

"Kifo si kinga. Warithi wao?"

"Sibajue, président. Mimi naonyeshaka tu film."

"Basi wewe ndiye mwakilishi wao hapa Texas."

Déo aliangalia kofia yake mikononi. Kisha akasema jambo ambalo halikuwa kwenye ajenda. Alisema Généreuse ana mama yake, Mama Matumaini, aliyefika Dallas baada ya miaka ishirini ya kambi ya wakimbizi. Miezi minane hakutoka chumbani. Aliletewa chakula, alikula kidogo, akageuza kiti akatazama ukuta. Hadi Jumamosi moja kicheko cha chumba cha kufulia kilipopenya sakafuni kwake. Aliuliza kuna nini huko chini. Hakungoja jibu. Alijifunga kitenge, akashuka ngazi peke yake.

"Sasa kila siku ya posho anashuka," alisema Déo, akimaanisha Jumamosi. "Mukifunga, atarudia ku ukuta."

Niliandika: "Mtuhumiwa alileta masuala ya kifamilia." Kalamu ilisita kidogo. Nadhani wino ulikuwa umeganda.

Umma uelewe kwamba Baraza lina mamlaka halisi. Uongozi wa yale majengo hautofautishi Mkongo, Mkenya wala Mtanzania, na ulikubali zamani kwamba chumba kile kitatumika kwa mikusanyiko endapo tu kuna barua ya Baraza. Barua hiyo huwa naisaini mimi. Nikaifuta. Jumamosi iliyofuata chumba cha kufulia kilitumika kufulia.

Jumatatu, Généreuse alitua Carrollton na sare yake ya kazi, baada ya kuunganisha treni na basi. Hakubisha hodi.

"Katibu ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Ni weye ulitia mukono?"

"Ni Baraza, kupitia mkono wangu."

"Mama yangu iko ku kiti tangu posho. Sisemi analia. Angelia ningefurahi. Iko tu." Akavuta kiti akakaa, magoti yetu karibu yagusane. "Weye uko na mama?"

"Ninaye. Yuko Korogwe."

"Anachekaka?"

Nilimjibu kwamba swali hilo lingeweza kuwasilishwa kwa barua. Hapo ndipo Mwenyekiti alipotoka ofisini kwa mwendo wake, tumbo mbele, akivuta tai, na Makamu nyuma yake amembebea mkoba.

"Nimesikia yote," alisema Mwenyekiti. "Baraza si katili. Tutaruhusu onyesho moja. Lakini kabla ya sinema, mimi na Makamu wangu tutasimama mbele ya shuka, ili kila mwananchi aone kwa macho yake kwamba hapana mfanano. Halafu nitatoa hotuba fupi. Kurasa kumi na moja."

Généreuse alimwangalia Mwenyekiti. Akamwangalia Makamu. Akauma mdomo wa chini kwa nguvu.

"Mukuye," alisema, yaani tuje. "Mukuye tu."

Jumamosi hiyo walifika watu zaidi ya mia. Hata majirani wa kutoka Burma na Nepal, wasiojua neno moja la Kiswahili, walikaa juu ya mashine wakining'iniza miguu. Mama Matumaini aliwekwa mbele, kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani. Alikuwa kikongwe mdogo, mkavu, na macho yake hayakuwa yakitazama chochote.

Mwenyekiti alikuwa ameamua kwamba hotuba ya hadhi ile haiwezi kusomwa bila mimbari, kwa hiyo ilibidi mimbari ya Baraza iletwe kutoka DeSoto, inakohifadhiwa, juu ya gari la Makamu. Ni ya mti mzito. Mlango wa chumba cha kufulia ni mwembamba.

"Geuza," aliamuru Mwenyekiti, aliyekuwa nje.

"Upande gani, Chair?" aliuliza Makamu, aliyekuwa ndani.

"Wa kulia."

"Kulia yangu ama yako?"

"Yako ya upande wangu!"

Makamu aligeuka pamoja na mimbari, akarudi nyuma hatua mbili, kiuno chake kikagonga meza ya sabuni. Chupa kubwa ya sabuni ya maji ikalala, ikaanza kumwagika polepole, kwa heshima zote, mpaka ikakutana na maji ya moja ya zile mashine tatu mbovu. Mimbari ilichomoka ghafla mlangoni, na nyuma yake Mwenyekiti akaingia kwa hatua thabiti ya kiongozi.

Hatua ya pili ndiyo iliyosafiri.

Alipita mbele ya watu wote akiwa wima, hotuba mkononi, uso umetulia, kama mtu anayesindikizwa na upepo. Makamu alijaribu kumwokoa kwa kumkamata kitu cha karibu, na kitu hicho kilikuwa tai. Mwenyekiti akageuka, akashika shuka. Shuka likaja lote na kamba yake. Wote wawili walikwenda chini, na zile kurasa kumi na moja zikaelea kwenye povu mojamoja.

Mwenyekiti aliinuka akiwa amevikwa shuka. Akanyoosha tai. "Tafadhali!" alisema. "Tafadhali!" Kisha akamgeukia Makamu. "Umeona ulichofanya?"

Niliisikia mashine moja ikizungusha nguo za mtu.

Kisha kukatoka sauti ndogo, nyembamba, kama mlango wa kabati usiopakwa mafuta. Ilikuwa ya Mama Matumaini. Alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya kitenge na mabega yanamtikisika. Akaondoa kitenge. Hakuwa na meno mengi, na yote aliyokuwa nayo yalionekana.

Chumba kikalipuka. Déo alianguka kwa magoti akipiga sakafu. Généreuse, machozi yakimtiririka, aliokota kipaza sauti na kwa sauti ya Gunia akarudia, "Munaona? Munaona kazi ya makamu?" Majirani wa Nepal walipiga mashine kwa visigino kama ngoma.

Nilisimama karibu, kwa hiyo ninachosema nilikiona. Mwenyekiti amehutubia umma wetu miaka saba, na sijawahi kumwona mtu akimtazama baada ya ukurasa wa pili. Sasa watu mia walikuwa wanamtazama bila kupepesa, wakingoja. Alizitazama kurasa zake majini. Akamtazama Mama Matumaini. Halafu, kwa makusudi kabisa, akarudisha mguu nyuma, akakanyaga povu.

Barua za kujiuzulu za Mwenyekiti na Makamu zilinifikia Jumatatu, zikiwa ndani ya bahasha moja. Tangu hapo kila Jumamosi saa kumi wako Vickery Meadow. Kwanza inaonyeshwa sinema, halafu wao. Nasikia watu wa Fort Worth nao wanakuja, na kwamba Mama Matumaini hufika nusu saa kabla ili kukagua kama sakafu imelowa vya kutosha.

Mimi nilikaimu uenyekiti. Nilijaribu kuitisha mkutano. Nilihudhuria peke yangu, nikatoa hoja, nikaiunga mkono, na hata hivyo mjadala ukawa mrefu. Ndipo nilipoamua kwamba onyesho lile, kwa kuwa linatumia wanachama na mimbari ya Baraza, liko chini ya ofisi yangu, na kwamba Kaimu Mwenyekiti anastahili nafasi ndani yake. Nikaenda na suti yangu nyeusi kumjulisha Généreuse.

"Unataka kuanguka?" aliuliza.

"Kwa nafasi yangu, ndiyo."

"Basi anguka."

Nilianguka mara tisa. Nilianguka mbele, nilianguka kinyumenyume, nilianguka pamoja na ndoo. Walinitazama kwa adabu, kama watu walio kwenye benchi la hospitali.

"Usishike suruali, Twalibu," alininong'oneza Melkiori, mwenyekiti wetu wa zamani, povu masikioni. "Jiachie."

"Weye unaangukaka na akili," alisema Généreuse. "Unachagulaka kwanza pahali pa kuangukia."

Mama Matumaini alitikisa kichwa. "Masikini," alisema.

Sitaficha kwamba neno lile liliniuma kuliko goti. Nilikaa pale sakafuni, suti imelowa, nikiwatazama wale watu niliowaandikia barua miaka yote bila kujua hata mmoja wao hucheka vipi. Généreuse alinipa mkono kuniinua.

"Rudia posho ingine," alisema. "Utajaribu tena."

Nilimshukuru. Nikatoa kalamu mfukoni, nikamuuliza fomu ya maombi ya kujaribu tena inapatikana ofisi gani.

Wa kwanza kucheka alikuwa Mama Matumaini. Kisha Déo, kisha Nderitu, kisha chumba kizima hadi wale wa Burma juu ya mashine. Nilisimama na kalamu yangu, nikisubiri wamalize ili nijibiwe.